Kicheko cha Jirani: Picha za Kuchekesha za Kiswahili na Desturi ya Ukwangala Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Katika uchunguzi wa maandishi ya Kiswahili, ushairi umepata wanazuoni wake, na hadithi vile vile. Lakini picha za kuchekesha, ambazo siku hizi huitwa katuni au vibonzo, zimeachwa mlangoni. Sababu yake si ngumu kuitambua. Shairi huhifadhiwa, gazeti husomwa asubuhi, na jioni limekwisha kufungiwa karanga. Hata hivyo, mtu atakaye kujua jinsi watu wa Afrika ya Mashariki walivyoishi nyumbani, sokoni, ofisini na kilabuni tangu katikati ya karne ya 20, ni vigumu kumpata shahidi aliye karibu zaidi na maisha hayo kuliko mchoraji wa vichekesho. Mwanahistoria huandika habari za vita na sheria. Mchoraji huandika habari za mume achelewaye kurudi, za karani asiyeonekana mezani pake, na za mgeni asiyetaka kuaga.

Swali linalofaa kuulizwa ni hili: mchoraji huyo alipata wapi ruhusa? Kuwacheka watu wazima mbele ya watoto wao, na kuwacheka wakubwa mbele ya wadogo, si jambo dogo katika nchi ambazo adabu ndiyo msingi wa malezi. Kicheko hakikuwa kitu cha ovyo. Kilikuwa na wenyewe, na kilikuwa na mipaka. Ili mipaka hiyo ionekane wazi, yafaa kuanza mahali ambapo iliangaliwa na kuandikwa kwa makini kabla ya magazeti kuenea, yaani katika nchi ya Wanyakyusa, na kisha kufuata safari ya kicheko hicho hadi kwenye ukurasa uliopigwa chapa.

Pwani ya kaskazini na watu wake

Bonde la Kyela limelala kati ya mto Songwe, ambao ni mpaka wa Tanzania na Malawi, na milima ya Livingstone ambayo huteremka ghafula majini karibu na Matema. Ni nchi ya mvua nyingi, ya migomba na mpunga. Wakaao humo wengi wao ni Wanyakyusa. Ng'ambo ya Songwe wako Wangonde, ndugu zao kwa lugha na desturi. Na ufukoni, chini ya milima, wako Wakisi, ambao wanawake wao ni wafinyanzi mashuhuri wa vyungu viuzwavyo Matema na kwingineko kandokando ya ziwa. Mwaka 1891 misioni mbili, ya Moravian na ya Berlin, ziliingia katika nchi hiyo, na kwa njia yao shule na maandishi yakaanza kuenea.

Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa kwa Wanyakyusa wakichunguza desturi zao. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica ndiye aliyetoa mwaka 1951 kitabu kiitwacho Good Company, kinachoeleza jambo ambalo mfano wake ni nadra duniani, nalo ni vijiji vya marika. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kumi hivi, na kuacha kuchunga ng'ombe wa baba yake, hakulala tena nyumbani. Yeye na wenzi wake wa rika moja walijenga vibanda pembeni, wakawa wanakwenda kula kwa mama zao kwa zamu, kundi zima kwa nyumba hii leo na kwa nyumba ile kesho. Walipooa waliwaleta wake zao papo hapo, na kile kilichokuwa kambi ya watoto kikawa kijiji cha wazee.

Lililowaunganisha wanakijiji hao si ukoo bali ni ukwangala. Neno hili la Kinyakyusa lina maana ya kukaa pamoja na wenzi kwa furaha: kula, kunywa kimpumu kwa mirija kutoka chungu kimoja, kuzungumza, kubishana na kutaniana. Lakini haikuwa furaha tupu. Katika mazungumzo hayo ndimo kijana alimojifunza adabu, akili ya kujibu na busara ya kunyamaza. Mtu aliyekula peke yake, hata kama hakuiba cha mtu, alihesabiwa kuwa ameukosea ukwangala.

Pamoja na hayo palikuwa na uzio. Vijiji vya marika vyenyewe, kwa maelezo ya Wanyakyusa, viliwekwa ili vizazi vitengane. Mke wa mwana hakuruhusiwa kumwona mkwe wake wala kulitaja jina lake, wala hata maneno ya kawaida yaliyofanana na jina hilo. Basi kicheko kilikuwa cha watu wa rika moja. Yule ambaye mtu angeweza kumcheka leo, ndiye ambaye angemcheka yeye kesho, na wote wawili walikuwa wakila chungu kimoja.

Pumzi ya watu

Katika maelezo ya Monica Wilson mna jambo jingine ambalo lahusu somo hili moja kwa moja. Wanyakyusa walisema kwamba mtu akitenda lisilofaa, mathalani akimvunjia mzazi heshima au akiwanyima jirani chakula cha karamu, jirani hao watanung'unika, na pumzi ya manung'uniko yao itamshukia kama baridi, naye ataugua. Jambo hilo waliliita pumzi ya watu. Dawa yake ilikuwa kukiri kosa na kuwaandalia jirani chakula. Nao wakiisha kula na kusema maneno mema, baridi ilimwondoka.

Mtu wa siku hizi aweza kuyaona hayo kuwa ni imani tu. Lakini ndani yake mna ujuzi mkubwa wa maisha ya pamoja. Maoni ya jirani ni nguvu. Yaweza kumgonjesha mtu. Tena nguvu hiyo haikukusudiwa kumfukuza mkosaji, bali kumrudisha mezani. Kicheko cha ukwangala na pumzi ya watu vilikuwa watoto wa mama mmoja: kimoja kilionya kwa furaha, kingine kiliadhibu kwa ubaridi.

Hali hiyo haikuwa ya Wanyakyusa peke yao. Utani wa makabila na wa koo, ambao R. E. Moreau aliuandikia makala mwaka 1944, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliukusanyia habari nyingi katika miaka ya 1970, ulikuwa na kanuni hiyo hiyo: mtani hana ruhusa ya kukasirika, kwa kuwa yeye naye ana zamu yake. Basi popote Afrika ya Mashariki, kicheko chenye ruhusa kilikuwa na sharti moja kubwa, nalo ni kwamba anayecheka na anayechekwa wajuane.

Kicheko chafika mjini

Sharti hilo lilitikiswa na safari. Katika miaka ya 1930 vijana wa Unyakyusa walikwenda kwa wingi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Chunya, na wengine wakaenda mbali zaidi, kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na hata Afrika ya Kusini. Huko walikaa na watu wasiowajua baba zao. Walirudi na nguo mpya, fedha kidogo na maneno mageni. Na kijijini wakawa wao wenyewe ni kichekesho. Mtu wa shamba aliyepotea mjini, na mtu wa mjini aliyerudi shamba hawezi tena kushika jembe: hawa wawili ndio mababu wa karibu wahusika wote wa picha za kuchekesha za Kiswahili.

Kwa muda mrefu hawakuwa na ukurasa. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, lilikuwa na habari za miji, mashairi, mafundisho ya kilimo na barua za wasomaji. Ndani ya barua na mashairi hayo kichekesho kilikuwamo, lakini kilikuwa cha maneno. Mtu wa shamba alionekana kwa macho katika filamu kabla hajawa mhusika mashuhuri wa magazeti ya Tanganyika. Mnamo mwaka 1952 ilitengenezwa filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu, yenye kuchekesha kwa vituko vya mshamba mjini. Na mwigizaji wake alikuwa Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye miaka kumi baadaye, mwaka 1962, alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika. Si nchi nyingi zilizopata waziri mkuu aliyekwisha kuchekwa na taifa zima kwa ridhaa yake mwenyewe.

Katika Kenya, katika miaka hiyo hiyo ya 1950, Edward Gicheri Gitau alianza kumchora Juha Kalulu. Jina lake lastahili kuangaliwa. Juha ni mpumbavu wa hadithi za Kiarabu, ambaye Waswahili wa pwani wamemjua tangu zamani, mpumbavu ambaye mara nyingine hekima humtoka bila yeye kujua. Kalulu ni sungura, kwa jina aitwalo katika Kinyanja, upande wa Malawi wa ziwa lile lile la Nyasa. Na sungura ndiye mjanja wa hadithi za bara. Hivyo jina moja limeunganisha pwani na bara, na mpumbavu na mjanja. Juha Kalulu aliendelea kuonekana kwa zaidi ya nusu karne, kwa miaka mingi katika Taifa Leo. Gitau alifariki mwaka 2016, na wako wasomaji waliozaliwa, wakaoa na kupata wajukuu, hali Juha ni yule yule.

Hapa ndipo ufumbuzi wa wachoraji unapodhihirika. Gazeti husomwa na watu wasiojuana. Basi hakuna jirani wa kuchekwa. Kumchora mtu wa kweli wa mtaa fulani kungekuwa kumwaibisha mbele ya wageni, bila ya nafasi ya kujibu wala chungu cha kupatanisha. Kwa hiyo mchoraji alimbuni jirani. Akampa jina, akampa mke, akampa deni na tamaa, kisha akampeleka kwa wasomaji juma baada ya juma. Mhusika huyo alikosea kwa niaba ya wote. Na kama katika ukwangala, kosa la leo halikumfukuza. Kesho alirudi ukurasani, akapokewa tena.

Chakubanga na miaka ya uhuru

Katika Tanganyika magazeti ya Kiswahili yaliongezeka uhuru ulipokaribia. Ngurumo, lililoanzishwa mwaka 1959 na Randhir Thaker, liliuzwa senti 10, likasomwa na watu wa kawaida kuliko mengine mengi, hata lilipofungwa mwaka 1976. Uhuru, gazeti la TANU, lilianza mwaka 1961, na Mzalendo la Jumapili likafuata mwaka 1972. Ni katika gazeti la Uhuru ambamo Christian Gregory alimtoa Chakubanga, mhusika aliyejulikana nchi nzima katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967.

Ilikuwa miaka ya maneno mapya. Watu walisema naizesheni kwa habari ya Waafrika waliopewa vyeo vya wazungu, na wabenzi kwa habari ya wenye magari makubwa. Mnyonyaji aliitwa kupe. Mwishoni mwa mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza vita juu ya sketi fupi, nywele za bandia na suruali za kubana, na magazeti yakajaa barua za watu waliokubali na waliokataa. Siasa yote hiyo ilikuwa na sura, na kwa sababu ilikuwa na sura iliweza kuchorwa. Hotuba husema kwamba kila mtu afanye kazi. Mchoraji huonyesha kiti kitupu na koti lililotundikwa juu yake ili ionekane kwamba mwenyewe yupo.

Ni rahisi kusema kwamba gazeti la chama lisingeweza kucheka kweli. Lakini hapa pia uzio wa zamani unasaidia kueleza. Gazeti la chama lilikuwa na mipaka yake. Viongozi wa juu walikuwa katika nafasi ya mkwe, ambaye hata jina halichezewi. Ndani ya mipaka hiyo, hata hivyo, palibaki uwanja mpana: karani, mlevi, mume, dereva, mpangaji, ndugu ajaye mjini bila taarifa. Msomaji wa Kyela, ambaye gazeti lilimfikia baada ya kusafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya Mbeya na Tukuyu, hakuwa na haja ya kuujua mtaa wa mhusika ili acheke. Ndugu ajaye bila taarifa hupatikana hata kwenye migomba.

Sani na wakati wa dhiki

Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979 nchi iliingia katika dhiki. Sabuni, sukari na nguo vilikuwa haba, na watu walijifunza kupanga foleni. Ni ajabu, lakini si ajabu sana, kwamba wakati huo ndio uliokuwa wa neema kwa vichekesho. Jarida la Sani, ambalo Saidi Bawji alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, lilijaza kurasa zake kwa picha na wahusika ambao majina yao yamebaki katika lugha: Kipepe, Madenge, Pimbi, Ndumilakuwili, Lodi Lofa.

Majina hayo ni kazi ya lugha yenyewe. Ndumilakuwili ni yule wa methali, aumaye huku na huku. Lodi Lofa ni maneno mawili ya Kiingereza yaliyovishwa kanzu ya Kiswahili na kuozwa: lodi ni bwana mkubwa, lofa ni mtu asiye na kazi wala senti. Ubwana bila senti ndio kichekesho kizima, na msomaji alikwisha kukipata kabla ya kuiangalia picha. Katika miaka ambayo mtu mwenye mshahara hakuwa na kitu cha kununua, na asiye na kazi alivaa kama tajiri, jina hilo lilikuwa taarifa ya uchumi kwa maneno mawili.

Mchoraji aliyeipa Sani sifa yake kubwa ni Philip Ndunguru. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Watu wake walitembea, hawakusimama kama sanamu. Alifariki mwaka 1986 akiwa bado kijana, na wengi waliochora baada yake walijifunza kwa kumwiga. Wahusika wake waliendelea kuchorwa na wengine, jambo ambalo laonyesha kwamba walikuwa wamekwisha kuwa mali ya wasomaji, kama vile jirani asivyokuwa mali ya mtu mmoja.

Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, magazeti ya watu binafsi yakaongezeka, na wachoraji pamoja nayo. James Gayo alijulikana kwa Kingo. Ali Masoud alimleta Kipanya, panya mdogo asimamaye pembeni ya picha na kusema lile ambalo wakubwa waliomo hawalisemi. Panya ni mhusika wa hekima. Hana rika, hana mkwe, na kila nyumba huingia.

Uzio uliobaki

Si haki kuisifu historia hii bila kuonyesha upungufu wake. Ukwangala ulikuwa wa wanaume. Vijiji vya marika vilikuwa vijiji vya wenzi wa kiume. Wanawake waliingia humo kwa kuolewa, nao ndio waliobeba mzigo mzito zaidi wa miiko ya heshima. Ukurasa wa vichekesho umerithi jambo hilo kuliko ilivyofaa. Juha Kalulu, Chakubanga, Lodi Lofa na Kingo, wote ni wanaume. Mwanamke aghalabu amechorwa kama tamaa ya mume au kama adhabu yake, mwembamba na mwenye hila, au mnene na mwenye mwiko mkononi. Yeye huchekwa, lakini zamu yake ya kucheka haifiki. Kwa kanuni ya utani, hilo ni kosa; maana kicheko kisichorudi kwa mwenyewe si utani tena, bali ni dharau.

Upungufu wa pili uko upande wa juu. Mchoraji anapomwacha jirani wa kubuni na kumchora mkubwa wa kweli kwa sura yake, uzio wa zamani huinuka tena. Godfrey Mwampembwa, ajulikanaye kama Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alianza kuchorea gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, akawa mashuhuri duniani kwa picha za viongozi. Mwezi wa Januari 2015, katika siku ambazo picha yake ya Rais Jakaya Kikwete ilikuwa ikizungumzwa sana, serikali ya Tanzania ilisimamisha gazeti la The EastAfrican kuuzwa nchini, ikitaja habari ya usajili. Na mwaka uliofuata Gado aliacha kuchorea kampuni hiyo. Iwapo mkubwa ni mwenzi aliye ndani ya ukwangala, au ni mkwe asiyetajwa, ni swali ambalo nchi za Afrika ya Mashariki hazijakubaliana juu ya jibu lake.

Hitimisho

Vijiji vya marika vya Unyakyusa vimekwisha. Ardhi ilipokuwa haba na mazao ya biashara yalipoingia, watu walishikamana na mashamba yao, na Monica Wilson mwenyewe aliandika juu ya mabadiliko hayo katika kitabu chake cha mwaka 1977. Lakini haja iliyovijenga haijakwisha. Watu bado wanataka mahali pa kuonyana bila kufukuzana.

Picha za kuchekesha za Kiswahili zimekuwa mahali hapo kwa watu wasiojuana. Kazi yao kubwa haikuwa kuchora vizuri, ijapokuwa wako waliochora vizuri sana, bali kumbuni jirani ambaye taifa zima laweza kumcheka bila kumdhuru mtu. Siku hizi picha husafiri kwa simu, na kwa dakika moja huwa zimefika Itungi na Ipinda. Katika safari hiyo ya haraka mara nyingi jirani wa kubuni huachwa nyuma, na mtu wa kweli hupelekwa mahali pake, kwa jina na kwa sura, akachekwa na maelfu asiowajua. Hiyo ni pumzi ya watu bila chungu cha kupatanisha. Wazee wa Kyela walijua kwamba baridi hiyo huua. Ndiyo maana waliiwekea dawa. Wachoraji wa zamani, kila mmoja kwa kalamu yake, waliijua dawa hiyo pia: mhusika akianguka leo, hakikisha kwamba kesho yumo tena ukurasani.